Kisicho na Kisogo

Wahenga walisema, akupaye kisogo si mwenzio.
Basi chombo hiki ni mwenzi wa nani,
kisichompa mtu yeyote kisogo?

Kioo kimebinuka kama kitako cha sufuria,
kinaning'inia juu ya lenzi, kichwa chini,
na dari, na mlango wa stoo usiofungika,
na mimi, na Covadonga, na mvua ya Mieres dirishani,
sote tumemwagika ndani ya duara moja
kama mchuzi kwenye sahani.

Katikati ya duara pana doa jeusi.
Ni kamera yenyewe.
Yaona kila upande, na kila ionapo
inajikuta imekaa katikati, imejiziba.
"Shemeji yangu mtupu," asema Covadonga.

Siku tatu nimeizungusha ubao wa drafti,
mweusi, mweupe, mweusi, mweupe,
hadi mkono ukaingia ganzi.
Hatuilaumu kwa kupinda mistari.
Twaiuliza tu: wapinda kiasi gani?
Ikishajibu kweli, twaweza kuinyosha dunia.

Ila programu haijui kusoma duara.
Hutaka ukanda mrefu, kama kitambaa cha fundi.
Lazima uchague pa kukata.
Nami nilikata upande wa mlango
kwa kuwa mlangoni hapakuwa na mtu.

Adhuhuri baba akaja na chakula,
mayai ya kuchemsha, soseji, mkate wa jana.
Nicanor, miaka thelathini na mmoja
katika shimo la Santa Obdulia.
Akasimama pale pale mlangoni, mgongo ukutani,
ndivyo asimamavyo hata kanisani.

Kompyuta ikaandika: watu wawili.
Covadonga akahesabu kwa kidole. Tuko watatu.
Nikatazama ukanda:
mwisho wa kulia, bega moja na mfuko wa mayai,
mwisho wa kushoto, sikio, nusu ya masharubu,
na katikati yao chumba kizima.
Nusu mtu si mtu, ndivyo tulivyoifundisha.

Baba akasogea, akavaa miwani.
"Mwaka ule wa gesi," akasema,
"walituhesabu mara tatu."
Hakuongeza neno. Akamenya yai.

Nilihamisha mkato, ukaangukia dirisha,
kesho ungemwangukia mwingine.
Usiku ule nikaacha kuhamisha.
Kipande cha mwanzo nikakirudia mwishoni,
upana wa mtu na ziada kidogo,
sasa asimamaye kwenye mshono
huonekana mara mbili, mzima kote kuwili.
Kupunguza mmoja ni hesabu ya mtoto.
Kumwunga aliyekatwa, hiyo sikuiweza.

Alhamisi tukaiteremsha kwa kamba,
magurudumu sita, taa zimeizunguka kama shanga,
hadi ngazi ya nne, ambako maji yamepanda
na mtu haruhusiwi tena.
Ikashika nukta ukutani, ikaziacha, ikashika nyingine,
kwa jinsi zilivyohama ikajua imetembea wapi.

"Kulia," baba akasema. "Kulia hapo!"
Kulia ipi, baba? Haina kulia.
Akaweka kidole kwenye skrini, kikaacha mafuta:
nguzo, na katika nguzo msumari.
"Kopo langu la chakula," akasema.
Tukapima: mita mia mbili na kumi na nne,
sentimita sitini toka sakafuni,
maana sakafu nayo imepanda.

Kurudi, chombo hakikugeuka.
Kwa kisicho na kisogo, kurudi ni kwenda tu.

Nilipokuwa nakausha kioo kwa kitambaa laini
nikamwambia ule msemo, wa kisogo na mwenzio.
Akafikiri, akivaa koti.
"Chini kule ni kinyume," akasema.
"Unatazama makaa, mwenzio anatazama paa.
Humpi kisogo ila mwenzio."

Kisha akafungua mlango,
na kwa mara ya kwanza nikumbukavyo
akatoka bila kuangalia nyuma.